Duka la kumbukumbu za michezo Kamalondo: bei zake zinatokana na nini?

Huko Kamalondo, Lubumbashi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Uwanja wa TP Mazembe, lipo duka dogo linalouza jezi za zamani, glavu za magolikipa, tiketi, mabango na picha zenye sahihi, yaani vitu ambavyo watu hununua ili wavihifadhi wala si kuvivaa. Mwenye duka, mzee ambaye wateja wote humwita Papa, ameniomba nisitaje jina la duka wala barabara yake, nami nimeliheshimu ombi hilo. Nimejikita katika swali moja tu, kwa sababu ndilo ambalo wapenzi wengi wa soka mjini kwetu huniuliza: je, bei anazotaja zina msingi? Mtu anayetoa dola mia kwa fulana kuukuu ana haki ya kujua analipia nini. Kwa ufupi, kwa upande wa jezi duka hili ni la kuaminika kuliko nilivyotarajia, lakini kwa upande wa glavu, karatasi na kadi mnunuzi afungue macho.

Nianze na jezi, kwa kuwa ndiko ujuzi wa Papa unakoonekana. Ukutani zimetundikwa jezi mbili za Mazembe zenye mistari myeusi na myeupe, na ya tatu hukaa ndani ya droo, imefungwa kwa karatasi. Kwa macho ya haraka zote tatu ni za mwaka 2010. Ya kwanza ni dola 15, ya pili ni dola 60, na ya tatu ni dola 400. Mteja mmoja niliyemkuta pale aliona kwamba huo ni wizi mtupu, kwa kuwa kitambaa ni kilekile na rangi ni zilezile. Papa hakukasirika. Aliigeuza ya kwanza ndani nje, akamwonyesha mshono wa bega uliopitishwa mara moja tu na nembo iliyobandikwa kwa joto, ambayo pembe zake zimeanza kuinuka. Hiyo ni nakala iliyotengenezwa miaka mingi baadaye. Ya pili ni ya wakati wenyewe, iliyouzwa kwa mashabiki, na lebo yake ya shingoni imefifia kama inavyopaswa kufifia. Ya tatu ilivaliwa uwanjani.

Hapo ndipo bei inapoanza kueleweka, kwa sababu thamani ya kitu cha namna hii haikai kwenye kitambaa, inakaa kwenye tukio ambalo kitambaa hicho kilishuhudia. Mwezi Desemba 2010 Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kucheza Klabu Bingwa ya Dunia, ikaifunga Pachuca ya Mexico bao 1-0, kisha ikaifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, na tarehe 18 ikacheza fainali dhidi ya Inter Milan, ikafungwa 3-0. Kabla ya hapo hakuna klabu yoyote ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hiyo. Kwa mwana-Lubumbashi aliyekuwa na akili timamu mwaka ule, jezi iliyokuwa katika uwanja ule ni sehemu ya maisha yake, na mapenzi ya namna hiyo ndiyo yanayozaa wanunuzi. Kuna vitu adimu kabisa duniani ambavyo havina bei kwa sababu hakuna anayevitaka. Uchache bila mapenzi ya watu haupandishi thamani hata kidogo.

Hata hivyo, kusema kwamba jezi ilivaliwa hakutoshi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na sifa kubwa ya duka hili, ile iliyonifanya niandike tathmini hii, ni kwamba Papa anayo daftari kweli. Ni daftari la kurasa ngumu, la aina inayotumiwa na wahasibu, na kila kitu cha zaidi ya dola 100 kina ukurasa wake: kimetoka kwa nani, lini, huyo naye alikipata wapi, na nani alikuwapo. Kwenye ukurasa wa ile jezi ya dola 400 ameambatanisha picha mbili za mchezo, na kwa kalamu nyekundu amezungushia mahali ambapo uzi wa namba mgongoni umechomoka kidogo upande wa kushoto. Nikaichukua jezi, nikaipeleka mlangoni penye mwanga, na uzi ule upo, umechomoka mahali palepale.

Kazi hiyo ya kulinganisha kitu na picha ndiyo inayofanywa na nyumba kubwa za mnada. Mwezi Mei 2022 jezi ambayo Diego Maradona aliivaa mwaka 1986 dhidi ya Uingereza, siku ya lile bao la mkono, iliuzwa Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni 7. Ilitoka kwa Steve Hodge, kiungo wa Uingereza aliyebadilishana jezi naye baada ya mchezo, na kwa miaka mingi ilikuwa imeonyeshwa katika jumba la makumbusho ya soka. Kabla ya mnada, jamaa za Maradona walidai kwamba ile ilikuwa jezi ya kipindi cha kwanza, wala si ile ya mabao. Dai hilo halikuwa dogo, kwa maana kama lingekuwa la kweli, bei ingeporomoka ingawa mvaaji na siku ni vilevile. Wataalamu walilinganisha nembo, mistari na namba na picha za mchezo ndipo mnada ukaendelea. Linalonigusa zaidi ni kwamba jezi zile za Argentina zilinunuliwa harakaharaka katika maduka ya mjini Mexico siku chache kabla ya mchezo, kwa sababu zile walizokuwa nazo zilikuwa nzito kwa joto la pale, na namba zikabandikwa kwa pasi. Kwa hiyo kitu kilichokuja kuuzwa kwa mamilioni kilianza kama fulana ya kawaida ya dukani.

Lawama yangu ya kwanza kwa Papa ni kwamba anafua. Jezi zote hupita kwenye beseni na pasi kabla ya kutundikwa. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole, «Mwanangu, watu wa hapa hawanunui uchafu.» Kwa jezi za mashabiki ana haki, kwa kuwa shabiki anataka kitu kisafi. Lakini kwa jezi iliyovaliwa uwanjani, doa la majani, udongo uliokauka kwenye kiwiko na alama ya jasho shingoni ni mashahidi, na sabuni inawafukuza mashahidi hao wasirudi tena. Ile ya dola 400 imesalimika kwa bahati ya uzi mmoja. Laiti isingefuliwa, naamini mkusanyaji wa Ubelgiji au wa Afrika Kusini angeilipia zaidi.

Lawama ya pili inahusu glavu. Ndani ya sanduku la kioo kuna jozi ambayo mnunuzi huambiwa ni ya Robert Kidiaba, yule golikipa wa Abu Dhabi ambaye dunia nzima inamkumbuka akishangilia kwa kurukaruka ameketi chini. Bei ni dola 250. Glavu zenyewe ni za zamani bila shaka: mpira wa kiganjani umekakamaa na kupasuka, kama unavyofanya katika joto letu usipotunzwa. Ila ukifungua daftari, Papa mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba habari ya mvaaji haijathibitishwa. Namsifu kwa kuandika ukweli, lakini bei yake haifuati maandishi yake. Glavu zisizo na ushahidi ni glavu kuukuu, na bei yake ya haki ni dola 20 au 30 mpaka ushahidi upatikane. Isitoshe, mchezo wenyewe ni wa juzi tu, na wengi waliokuwapo wanaweza kuulizwa. Kukosa ushahidi wa mwaka 1968 kunaeleweka; kukosa ushahidi wa mwaka 2010 katika mji huuhuu kunahitaji maelezo.

Kuhusu enzi za zamani, duka lina vitu vichache, na hapo mnunuzi anapaswa kuijua historia kabla ya kufungua pochi. Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na wakati huo iliitwa TP Englebert. Kwa hiyo kitambaa cha ukumbusho kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1967 huku kimeandikwa Mazembe kimechapwa baadaye. Vivyo hivyo, nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997 tu, na karatasi yoyote ya 1968 yenye jina hilo inajishtaki yenyewe. Papa analijua hili vizuri, na mbele yangu alikataa kununua bendera ndogo kwa sababu hiyohiyo. Jezi ya kijani yenye chui kifuani, ile ya Kombe la Dunia la 1974, nayo ipo, lakini ameiandika waziwazi kuwa ni ya kushonwa upya, dola 25. Ya asili ingekuwa jambo lingine kabisa. Timu ile ilifungwa michezo yote mitatu, ikiwamo 9-0 dhidi ya Yugoslavia, na bado vitu vyake vinatafutwa sana, kwa sababu ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, na kwa sababu Mwepu Ilunga, mtoto wa soka la mji huu, alitoka kwenye ukuta wa mabeki akaupiga mpira wa adhabu wa Wabrazil kabla haujapigwa. Kushinda si sharti la thamani.

Bango la pambano la Muhammad Ali na George Foreman ndilo lililonishughulisha kwa muda mrefu zaidi. Limeandikwa tarehe 25 Septemba 1974, na wateja wengi hudhani ni kosa, maana pambano lilipiganwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba. Si kosa. Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likaahirishwa, na kilichokuwa kimekwisha kuchapwa kilibaki na tarehe ya kwanza. Tatizo ni kwamba wanaoiga huiga na tarehe hiyo pia. Nililiangalia kwa kioo cha kukuzia: herufi zake, ambazo katika uchapaji wa asili zingekuwa na wino mzito usiokatika, zimeundwa kwa vitone vidogovidogo, dalili ya bango lililopigwa picha na kuchapwa tena. Zaidi ya hayo, katikati kuna mkunjo unaoonekana kwa jicho lakini kidole kikipita juu yake hakiusikii, kwa sababu ni picha ya mkunjo wa bango lingine. Nilimweleza Papa kwa faragha, akaliondoa dirishani siku hiyohiyo. Mfano wa jinsi ushahidi unavyoweza kupandisha bei ya usiku ule ni mkanda wa ubingwa wa Ali, uliouzwa Marekani mwezi Julai 2022 kwa dola milioni 6.18.

Kadi za wachezaji sitazichelewesha. Kadi ya Dikembe Mutombo, yule mchezaji wetu wa mpira wa kikapu, ya mwanzo wa miaka ya 1990 inauzwa dola 80, na sababu anayotoa Papa ni kwamba Mutombo amefariki, mwaka 2024. Kifo hufunga mlango wa sahihi mpya, na kwa hiyo sahihi yaweza kupanda. Lakini kadi hii haina sahihi, na kadi za miaka ile zilichapwa kwa wingi mno hata leo zimejaa kila mahali. Msiinunue kwa bei hiyo.

Kuna jambo lililonifurahisha mimi niliyelelewa katika nyumba ya watu wa reli. Vitu vya Saint-Éloi Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, ile ya watu wa reli, viko kwenye kona ya nyuma, bei zake ni nusu ya vile vya Mazembe, ilhali ni vichache zaidi. Papa anasema soko ndilo linaloamua, na kweli makombe ya Afrika yamewapa Mazembe wanunuzi hata nje ya nchi. Ila shabiki wa Lupopo anayenunua kitu huwa hakiuzi tena, na kitu kisichorudi sokoni hupanda bei polepole bila kelele. Kama ningekuwa na dola 100 za kutumia pale, ningezipeleka kwenye kona ile.

Huduma ni nzuri. Malipo hupokelewa kwa dola au kwa faranga kwa kiwango cha siku, mteja anaruhusiwa kupiga picha ukurasa wa daftari unaohusu kitu chake, na Papa huuandika upya kwa mkono kwenye risiti na kuutia sahihi. Muombeni risiti hiyo hata kama ana haraka, kwa sababu siku ya kuuza ndiyo atakayoulizia mnunuzi wenu. Vitu vya karatasi hufungwa kwa plastiki inayobana, jambo ambalo wakati wa mvua huleta ukungu, kwa hiyo vitoeni mkifika nyumbani na muviweke kati ya karatasi safi, mbali na jua. Duka hufungwa Jumapili asubuhi, na siku za mechi hujaa watu kiasi kwamba hakuna nafasi ya kuangalia mshono wowote. Nendeni katikati ya wiki, mchana, mwanga ukiwa mlangoni.