TAHADHARI: Muuza "dawa ya kromu na aluminiamu" hapa Kigoma ameniharibia gari

Madereva na wenye magari mnaopita Kigoma, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna kijana anazunguka Gungu na Mwanga na madumu ya lita 5, anauza anachokiita dawa ya kung'arisha kromu na aluminiamu. Ameniharibia gari langu na amemuunguza utingo wangu. Naandika mkono unatetemeka kwa hasira. Aibu ninayo pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nawakataza wengine wasinunue vitu vya kutembezwa.

Gari lenyewe ni lori langu, ile Freightliner ya bluu. Nilikuwa na haraka Jumatatu ile kwa sababu mgeni wa Bujumbura alikuwa anafika Jumatano kuliangalia. Misimu miwili ya kubeba chumvi ya Uvinza ilikuwa imeacha alama: matangi yote mawili ya mafuta yameota madoa meupe, ukipitisha kidole unasikia vishimo vidogo vidogo, na rimu zimefifia. Bampa lilikuwa zima kabisa. Lilihitaji maji, sabuni na kitambaa tu. Hilo la bampa ndilo linaloninyima usingizi.

Yule muuza dawa alinikuta saa nne asubuhi nikiwa nakagua upepo wa matairi. Ovaroli safi, shikamoo ya adabu, kisha akanisalimia kwa Kiha. Hakuanza na biashara. Alilizunguka gari taratibu, akachuchumaa kwenye tangi la kushoto, akagusa na kusema, "Mzee wangu, hii ni chumvi ya Uvinza. Inakula aluminiamu kidogo kidogo, usipoiwahi tangi litakuja kutoboka." Mtu ambaye hakunijua, hakujua nabeba nini, akataja ugonjwa kwa kugusa tu! Kisha akatoa sumaku mfukoni. Akaiweka kwenye bampa, ikanasa. Akaiweka kwenye tangi, ikaanguka. "Hili bampa ni chuma kilichopakwa kromu, hili tangi ni aluminiamu tupu. Kila kimoja kina dawa yake." Maneno hayo ni ya kweli, fundi yeyote atakwambia hivyo hivyo. Ndiyo maana nilimwamini.

Akapulizia dawa yake sehemu ndogo ya tangi, upana wa sahani. Ikatoa povu papo hapo, ikachemka kama sufuria jikoni, mvuke ukanipiga puani, weusi ukaanza kushuka. "Unaona uchafu unavyotoka?" Akamwagia maji. Halafu akachomoa kitambaa chake mwenyewe kwenye mfuko wa nyuma, akaanza kusugua kwa duara, kwa nguvu, dakika kumi nzima, huku ananihadithia magari aliyoyang'arisha Kasulu na Kibondo. Kitambaa kikawa cheusi tii. Akanyunyiza unga wa ngano, akafuta mara ya mwisho. Ndugu zangu, niliona meno yangu kwenye lile tangi. Niliona mawingu! Na unga wa ngano najua mafundi wa kweli wanautumia kufyonza mafuta ya polishi, kwa hiyo nikasema moyoni huyu ana kazi yake.

Madumu 2 kwa 85,000 kila moja, na vijana wake 2 wa kusugua kwa 150,000. Jumla 320,000, na nililipa yote kabla ya kazi kwa sababu alisema anawahi gari la Kasulu. Nilimhesabia mkononi. Akaniambia, "Mungu akubariki mzee."

Saa saba jua likiwa utosini, bati la tangi huwezi kuweka kiganja, wale vijana wakapulizia kila mahali. Niliondoka nusu saa tu kwenda kuswali. Niliporudi hawapo. Tangi lililokuwa na madoa sasa lote rangi ya jivu, limechirizika kuanzia juu mpaka chini. Rimu vivyo hivyo. Na bampa walikuwa wamelipiga msasa mkavu! Kona zote mbili kromu imeisha, nikeli imetokeza kwa umanjano wake, na katikati chuma kimebaki uchi. Dogo, yule utingo wangu, amekaa chini ananionyesha viganja, anasema vinateleza kama ameshika sabuni na vinawaka moto. Walimpa kitambaa asaidie, bila glovu. Tulimwagia maji ya bomba muda mrefu sana kabla ya kumpeleka hospitali. Mpaka leo hawezi kushika spana.

Simu ya yule mtu haipatikani. Jumatano mgeni alikuja, akaangalia bampa ambalo tayari limeanza kutu, akanywa chai, akaondoka.

Mzee mmoja fundi wa Ujiji ndiye aliyenifumbua macho. Alinusa dumu, akatia tone kwenye kipande cha aluminiamu, akasema hii ni kostiki soda, ile ya kupikia sabuni. Kostiki haioshi aluminiamu, inaila, na ile povu ni hewa inayotoka aluminiamu ikiliwa. Kwenye bati la moto inakula haraka zaidi na kukauka kabla hujaisuuza, ndiyo michirizi. Kilichong'arisha ile sehemu ya upana wa sahani ni polishi ya kweli iliyokuwa imefichwa ndani ya kitambaa chake. Matangi na rimu anasema vitarudi: msasa wa maji kuanzia namba 400, kisha 600, 800, 1000, 1500, halafu gurudumu la pamba na sabuni ya polishi ya kahawia, ikifuatiwa na ya kijani. Siku nne za kazi. Bampa halirudi. Kromu ni utando mwembamba mno, ukishautoa kwa msasa hakuna polishi ya kuurudisha, ni kupakwa upya kiwandani au kununua lingine.

Dalili zilikuwepo. Dumu halina karatasi yoyote, hakuna jina la kilichomo wala mtengenezaji, wakati kemikali namna hii iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya 2003. Alisema bampa na tangi kila kimoja kina dawa yake, kisha akaniuzia dumu la aina moja kwa vyote. Sehemu ya majaribio alichagua yeye. Kitambaa cha kwake. Nilipotaka kukishika alikikunja akakirudisha mfukoni. Mwambieni atumie kitambaa chenu, mahali mnapochagua ninyi, nyuma ya tangi, na msubiri pakauke.

Lakini kwangu dalili si kitu kikubwa, kikubwa ni huyu mtu akamatwe! Anamwaga sumu kwenye mikono ya watoto wa watu. Angeuza maji tu ningesema nimepoteza hela, ila huyu anajua kabisa kilichomo, ndiyo maana yeye mwenyewe alivaa glovu mbili mbili. Afungwe, alipe bampa, alipe matibabu ya dogo, na wale vijana wake wataje wanakochanganyia.

Taarifa nimeshaandikisha polisi. Dumu moja limebaki nusu, nimelifungia stoo kama ushahidi. Kasulu na Kibondo, kama kuna aliyeuziwa, usilimwage dumu lako. Nipigie, twende kituoni pamoja.