Felco 2: mkasi uliorudisha umbo la haibiskasi yangu

Mwaka juzi nilitoka msibani Kibosho, nikafika nyumbani Moshi na kukuta haibiskasi ya mlangoni imegeuzwa sanduku. Fundi niliyemwachia bustani aliinyoa kwa mikasi mirefu ya fensi: juu bapa, ubavuni bapa, pande zote nne. Jirani alisema imependeza. Mimi iliniuma sana, maana ule mti naujua, matawi yake hupanda kisha yanainama yenyewe yakibeba maua. Miezi michache baadaye lilibaki ganda la majani tu. Nikipenyeza mkono ndani nagusa vijiti vikavu.

Ndivyo inavyokuwa. Ukikata ncha zote kwa mpigo, kila ncha inatoa machipukizi mengi palepale, majani yanasongamana nje, jua haliingii, matawi ya ndani yanakufa. Tena haibiskasi huchanua kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo kila ukinyoa unaondoka na vitumba.

Mdogo wangu anayeishi Zürich akaniletea Felco 2, mkasi wa mkono wa kupogolea, ule wenye mishikio myekundu. Inatengenezwa na kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1945. Ina uzito wa gramu 240 hivi na inakata tawi hadi unene wa milimita 25. Zaidi ya hapo usilazimishe, chukua msumeno mdogo.

Ninachoupendea ni kwamba unakulazimisha kukata tawi moja moja. Unapanua majani, unachagua tawi zee, unalifuata kwa vidole hadi linapochipukia, unakata hapohapo bila kuacha kisiki. Halafu unarudi nyuma hatua tatu, unatazama. Baba alipogoa kahawa hivyo hivyo, akizunguka kila mti kabla ya kugusa chochote. Ukitaka tu kufupisha tawi, kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi lielekee nje na katikati pabaki wazi.

Ubapa wake mmoja ni mkali na unapita ubavuni mwa ule wa chini uliopinda kama ndoano, kwa hiyo tawi linakatika bila kupondwa. Kidonda cha haibiskasi kinabaki laini, cheupe, unaona hadi duara la moyo wa tawi. Mkasi niliokuwa nao zamani, wa bei rahisi, ulikuwa ukitafuna gamba na kuliacha linaning'inia. Kwenye ubapa wa Felco kuna kijifereji cha kupitisha utomvu, na karibu na msumari wa katikati kuna pengo dogo la kukatia waya mwembamba. Mkasi wote unafunguka, na vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja: ubapa, springi, hata nati. Bei ni kubwa, sikatai. Lakini ubapa ukiisha unabadilisha ubapa, mkasi unabaki nao.

Mwenye fensi ndefu ya michongoma au duranta asinunue huu kwa kazi hiyo, atachoka bure. Mikasi ya fensi ina mahali pake. Mwenye kiganja kidogo atafute Felco 6, na anayetumia mkono wa kushoto kuna Felco 9. Kwa bogenvilia vaa glovu nene, miiba yake haina huruma.

Haibiskasi sikuimaliza kwa siku moja. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, niliondoa theluthi ya matawi mazee hadi chini, mwaka uliofuata theluthi nyingine. Kila nikitoka mti mmoja kwenda mwingine nafuta ubapa kwa spiriti nisihamishe ugonjwa. Sasa matawi yameanza kuinama tena, na asubuhi jua linafika hadi kwenye shina. Limebaki tawi moja nene upande wa dirishani, bado bapa juu kama lilivyoachwa. Nalisubiria Februari.