SyncTERM: uzoefu wangu kwa kasi ya biti 300

Kwa mpenda historia ya kompyuta, hii ni programu ya kuwa nayo. Ni ya bure, inakubali Windows, Linux na macOS, na inakuunganisha na zile mbao za matangazo za kwenye kompyuta ambazo watu walizipigia simu kwa modemu, ili kusoma na kuacha ujumbe, kabla intaneti haijaenea. Zilizobaki leo nyingi zinafikiwa kwa teleneti, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia intaneti, kwa hiyo modemu huhitaji, na bando haliliwi kwa sababu ni maandishi matupu.

Kilichonikamata ni uwezo wa kupunguza kasi. Niliiweka biti 300 kwa sekunde, kasi ya ubao wa Chicago wa mwaka 1978. Hapo herufi zinashuka kama 30 kwa sekunde: mstari wa herufi 80 unakaribia sekunde tatu, na skrini iliyojaa inapita dakika. Unasoma neno likiwa bado linaandikwa.

Ndipo CBBS, ubao huo wa Chicago, ikaniingia akilini. Ward Christensen na Randy Suess, wa klabu ya wapenda kompyuta iitwayo CACHE, waliianza Januari 1978 theluji ilipowafungia watu majumbani, na tarehe 16 Februari ikafunguliwa. Walitaka ule ubao wa klabu wa kubandikia vikaratasi uhamie kwenye kompyuta. Christensen aliandika programu, Suess akaunda mashine. Ilikaa nyumbani kwa Suess, mtaa wa Wrigleyville mjini Chicago, maana wakazi wa Chicago waliweza kuipigia bila kulipia simu ya masafa marefu. Simu ikiita, kompyuta inajiwasha upya, inapakia programu kutoka kwenye diski, ndipo inapokea. Na laini ilikuwa moja tu! Ukiingia wewe, wengine wote wanasubiri ukate. Kwa kasi ile, ujumbe wa porojo ulikula zamu ya mwenzako, na nadhani adabu ya kuandika kwa kifupi ilianzia hapo. Novemba mwaka huohuo wawili hao wakaeleza kazi yao katika jarida la Byte, na wengine wakajenga mbao zao.

Jaribu pia kushusha faili kwa XMODEM, njia aliyoibuni Christensen mwaka 1977, ambayo bado imo humu. Faili linakatwa vipande vya baiti 128, kila kimoja na jumla yake ya kuhakiki. Kikifika na kasoro kinatumwa tena. Nilikaa nikitazama vipande vikihesabika kimoja kimoja, na heshima yangu kwa wale mabwana ikazidi.

Tahadhari: teleneti haifichi chochote njiani, kwa hiyo usiweke nywila unayoitumia kwingine. Ubao ukiruhusu SSH, njia inayoficha mawasiliano kwa msimbo, chagua hiyo. Kasi unaibadilisha ukiwa ndani kwa Alt na mshale wa juu au chini, na Alt+H inakata simu.

Natoa nyota tano, hasa kwa walimu wa kompyuta: wape wanafunzi kasi ya 300 kwanza, ndipo uwafundishe mitandao.