Kikapu cha Wiki Dar es Salaam: Wapi pa Kununua Chakula, Kuanzia pa Kwanza Hadi pa Mwisho

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi natoka nyumbani Sinza na kikapu cha ukindu, na ndani yake mizani ndogo ya ndoano. Wauzaji walionizoea hawaulizi tena. Wapya huuliza, "Dada, hiyo mizani ya nini tena?" Nawajibu kuwa ni yangu na yao: inanionyesha nimepata nini, na inawalinda wao nisije nikawasingizia kesho.

Majirani na ndugu huniuliza swali moja kila mara: chakula cha wiki ninunue wapi? Napima mambo matatu. Ubora, yaani chakula chenyewe kikoje na ni salama kiasi gani. Bei, na hapa namaanisha bei ya kilo, sio bei ya fungu. La tatu ni haki: mkulima kapimiwa sawasawa? Muuzaji analipwa? Mto na bahari vimeachwa salama? Hili la tatu wengi huliona ni anasa ya wenye nazo. Mimi nimeona kwamba pale mkulima anapopunjwa, mlaji naye hapati nafuu yoyote, na nitaeleza kwa nini.

1. Soko la mtaa, meza yenye mizani

Mwananyamala, Temeke Stereo, Magomeni, Tegeta Nyuki, Kisutu: chagua lililo karibu nawe. Nimeliweka la kwanza kwa sababu mzigo huingia kila siku na haulali sana, meza ziko jirani kwa jirani kiasi kwamba anayepandisha bei hovyo anakimbiwa, na pesa yako inaingia mkononi mwa mtu unayemjua kwa sura. Ukishakuwa mteja wa kudumu, mtu huyo ndiye atakayekunong'oneza, "Leo karoti usichukue, zimelala, njoo kesho kutwa zinaingia za Lushoto."

Lakini soko la mtaa lina ugonjwa wake, nao ni kipimo. Siku moja nilinunua maharage ya soya njano sado mbili (sado ni kopo la kupimia), kila moja kwa muuzaji wake, bei ileile. Nyumbani nikapima. Moja ilitoa kilo tatu na ushee, nyingine haikufika kilo tatu. Wiki iliyofuata nilirudi, nikaomba kuishika ile sado ya pili. Kitako kilikuwa kimegongwa kutoka nje, kimebonyea ndani kama kisahani. Ukiitazama kwa juu huoni kitu, maharage yamejaa hadi yanamwagika. Tangu hapo, sado yoyote naipitisha mkono chini kwanza.

Dawa yake ni kununua kwa kilo, na mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Nyanya vilevile: fungu lina nyanya nzuri mbili juu na tatu laini chini, kwenye mizani unachagua moja moja.

Mboga za majani zinataka swali la ziada: zimemwagiliwa wapi? Bonde la Msimbazi hulimwa mchicha na matembele mwaka mzima, na mto huo hupokea maji machafu ya majumbani na ya viwandani. Tafiti zimekuta metali nzito kwenye mboga za bonde hilo, na metali haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Wakulima wale siwalaumu, maji hayo si wao waliyachafua. Ila mtoto wangu simlishi. Muuzaji mkweli atakwambia shamba liko wapi, na anayekasirikia swali hilo simrudii.

2. Soko la jumla, mkichanga majirani

Nafaka Tandale. Ndizi Mabibo, pale tunapopaita Mahakama ya Ndizi. Ilala kwa viazi na mboga za aina zote. Kariakoo nilikuwa mwenyeji, lakini tangu soko kuu lilipoungua Julai 10, 2021, nilijifunza njia nyingine na nimezizoea.

Hapa ndipo penye bei ya chini kuliko pote, ila kwa sharti moja: msiende mtu mmoja. Sisi tuko nyumba nne. Tunachanga, tunanunua gunia la mchele na tenga la nyanya, tunakodi bajaji moja, tunagawana barazani kwangu kwa mizani. Mtu mmoja akinunua tenga peke yake, nusu itamwozea, na hapo ile nafuu yote imekwenda jalalani.

Sasa niseme la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu linaniuma. Baba yangu mdogo analima viazi Njombe. Nimesimama shambani kwake siku ya kufungasha. Gunia likijaa, wanachukua kipande cha gunia jingine, wanakishonea mdomoni kwa kamba ya katani, halafu wanaendelea kujaza hadi linakuwa na kilemba. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lile la kilemba linazidi kwa mbali, na baba mdogo analipwa kwa "gunia". Vile viazi vya kwenye kilemba alivilima, akavipalilia, akavipulizia dawa, na havina bei.

Watu wa mjini hudhani kilemba kile ni faida yetu. Hapana. Sisi tunauziwa kwa sado na kwa kilo. Hakuna mama wa Dar aliyewahi kuongezewa viazi kwa sababu gunia lilitoka shamba na lumbesa. Ile tofauti inabaki njiani, kati ya shamba na meza. Kwa hiyo Ilala nauliza swali moja tu: "Gunia hili lina kilo ngapi?" Anayejibu kwa kilo na kukubali kulipandisha kwenye mizani, nanunua kwake hata akizidi kidogo. Anayejibu "hili limejaa mama, we angalia mwenyewe," nampita.

Kwenye mchele, angalieni sana jina la Kyela. Kila mchele wenye harufu kidogo unaitwa Kyela. Chota kiganjani, upulizie pumzi ya moto, unuse. Kisha tazama punje: zikiwa za urefu tofauti tofauti, umechanganywa. Uliza pia umekaa ghalani muda gani. Mchele mpya hunata, unafaa ubwabwa na vitumbua, lakini ukitaka pilau linalochambuka chukua uliokaa.

Karanga na mahindi ni jambo la uhai. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hii inaletwa na ukungu wa nafaka isiyokaushwa vizuri au iliyohifadhiwa penye unyevu, na kupika hakuiondoi. Ndiyo maana karanga zilizokwisha kusagwa sinunui kwa yeyote, hata awe rafiki. Nanunua nzima, namwaga kwenye ungo, naondoa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizopasuka, kisha ndio napeleka mashineni. Kwenye unga huoni kilichoingia.

3. Genge la jirani

Kwa bei ya kilo, genge ni ghali kuliko soko. Nimeliweka la tatu hata hivyo, juu ya duka na supamaketi, kwa sababu genge linakuuzia kile unachokula leo. Nyanya tatu, kitunguu kimoja, nazi moja, bizari ya kukunja kwenye kikaratasi. Hakuna kinachooza kwenye friji lako. Asiye na friji, genge ndilo friji lake.

Mama wa genge letu huondoka saa tisa usiku kufuata mzigo Mabibo. Mwisho wa mwezi watu wakikaukiwa, anaandika kwenye daftari. Hakuna riba, hakuna dhamana, kuna uso tu. Kwa hiyo kwangu ni mwiko kubishana naye kwa shilingi mia. Kubishania bei kuna mahali pake, nako ni kwenye jumla, mbele ya mtu mwenye magunia hamsini. Kwa mama wa genge nasema tu, "Mama, niongezee basi," naye anatupia hoho moja, tunacheka, naondoka.

Angalia usafi, angalia kama bidhaa ziko juani, na asubuhi nunua mapema. Jioni chukua zile nyanya laini za kupikia leo leo, kwa bei atakayokutajia mwenyewe.

4. Duka la Mangi

Sukari, chumvi, unga, sabuni, majani ya chai. Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, yupo hadi usiku na hafungi ovyo. Tatizo la dukani ni robo. Fanya hesabu: kama kilo ya sukari ni 3,000 na robo ni 800, robo nne zimekula 3,200. Ukinunua kwa robo wiki nzima, mwezi ukiisha umelipia sukari ambayo hukuinywa. Mshahara ukiingia, nunua vya kukaa kwa kilo kadhaa, halafu robo ziwe za dharura.

Mafuta ya kupima kutoka kwenye dumu nimeyaacha. Unga wa ngano na mafuta ya kula ya viwandani vinatakiwa kisheria kuongezwa virutubishi, na kwenye mafuta ni vitamini A, ambayo huharibiwa na mwanga. Dumu lililofunguliwa na kukaa juani wiki mbili limepoteza hicho ulichokilipia, na huwezi kujua kama yamechanganywa na nini. Chukua chupa ndogo iliyofungwa, yenye alama ya TBS na tarehe. Chumvi hakikisha imeandikwa kuwa ina madini joto.

5. Supamaketi

Ina baridi ya uhakika, na hilo ni jambo kubwa kwa maziwa, mtindi, siagi na nyama ya kugandishwa. Bei imebandikwa, hakuna wa kukupandishia kwa sababu umevaa vizuri. Lakini mboga zake nyingi zimetoka kwenye masoko yaleyale, zikafutwa vumbi na kufungwa kwenye plastiki. Na supamaketi huja na kuondoka: Shoprite waliuza maduka yao kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt wenyewe wakaanguka baadaye.

Kuhusu haki, swali ni wanamlipa lini aliyewaletea. Rafiki yangu yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaotengeneza unga wa lishe. Mwaka juzi walipeleka mzigo kwenye duka moja kubwa, wakaahidiwa malipo ndani ya mwezi. Walisubiri miezi mitano, na katikati hapo walikopa ili wanunue mahindi mengine. Bidhaa za vikundi kama hivyo ukizikuta kwenye rafu, tazama pakiti, namba ya simu ipo. Wapigie, ununue kwao moja kwa moja.

6. Oda za simu

Kwa mgonjwa, mzazi aliyejifungua au mtu anayetoka kazini saa tatu usiku, ni msaada wa kweli. Kwa wengine ni kununua bila kushika wala kunusa, na juu yake nauli ya bodaboda. Agiza vile visivyo na mjadala: mchele ulioujua, vitunguu, viazi. Nyanya, samaki na embe, nenda mwenyewe.

Feri, peke yake

Soko la Samaki la Feri sijaliweka kwenye namba kwa kuwa ni la kitu kimoja, na kwa kitu hicho halina mshindani. Fika alfajiri kwenye mnada. Samaki huuzwa kwa mafungu makubwa, kwa hiyo hapa pia kuchanga kunalipa, kisha vijana wa kupara wanakumalizia kazi palepale.

Jua msimu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali na bei hupanda. Kaskazi hali hutulia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hupungua. Anayejua mwezi hanunui dagaa siku ya ghali.

Pweza aliye chini ya nusu kilo simchukui, huyo alitakiwa akue bado. Na samaki wa baruti simchukui kwa bei yoyote, kwa sababu baruti iliyomuua yeye imebomoa na matumbawe ambayo watoto wa wavuvi walitakiwa kuvua juu yake. Kumtambua si kazi. Kwa nje anaweza kung'aa kabisa, macho maangavu. Mbonyeze ubavuni: nyama ni tepetepe na hairudi. Mpasue tumbo: kuna damu iliyovia, na uti wa mgongo umekatika au mifupa imeachana na nyama. Ukikuta hivyo, mrudishe mezani, na umwambie muuzaji sababu kwa sauti ambayo mteja aliye nyuma yako ataisikia.