Begonia Zangu na Maonyesho ya Maua Chicago: Uzoefu wa Baridi Tatu

Nitoe hukumu kwanza kwa wenye haraka. Maonyesho ya maua ya majira ya baridi katika Garfield Park Conservatory, jumba la vioo la mimea upande wa magharibi wa Chicago, nayapa nyota tano kamili. Begonia ya chungu, mmea laini wa maua unaouzwa madukani kati ya Novemba na Februari, naipa nne. Begonia za kuagiza mtandaoni na kuletewa mlangoni wakati wa theluji nazipa moja. Mwenye nafasi aendelee kusoma, maana kwangu mambo haya matatu yamefungamana, na nimeyapitia kwa baridi tatu mfululizo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Chicago nahudumia wazee zamu ya usiku, saa moja hadi saa moja. Mwezi wa Januari jua la huku huchomoza saa moja na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Nikitoka kazini bado giza, nikiamka ndio mwanga unaaga. Baridi ya kwanza nilikonda, nikawa sina hamu ya chakula wala ya kupokea simu za nyumbani. Mama aliponiuliza, "Mwanangu, unaumwa?" nilikosa jibu, kwa sababu sikuwa na homa wala pahali palipouma. Aliyenigundua ni dada mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi. Aliniambia, "Jumapili usilale. Nitakupeleka mahali penye migomba."

Nilidhani ananitania. Tukapanda treni ya mstari wa kijani, tukashuka kituo cha Conservatory–Central Park Drive. Kutoka kituoni hadi mlangoni ni mwendo wa dakika chache, jambo la kushukuru siku ambayo upepo unakata masikio. Siku ile tuliingia bure, na mwenye uwezo alichangia. Mlango ulipofunguka miwani yangu ikajaa mvuke, nikasimama sioni kitu. Pua ndiyo iliyotangulia kujua nilipo: udongo uliolowa, majani yanayooza taratibu, maji yaliyotulia, harufu ile ile ya bondeni kwetu baada ya mvua za vuli. Nilikaa muda bila kuifuta ile miwani. Nililia, na dada yule akanishika mkono bila kusema neno.

Jengo hilo la vioo lilifunguliwa mwaka 1908. Aliyelibuni ni Jens Jensen, mzaliwa wa Denmark aliyeipenda sana mandhari ya nyika za katikati ya Marekani, hata mapaa yake akayapa umbo la marundo ya nyasi kavu ya mashambani. Kwenye chumba cha makangaga alipanga mawe na maji kiasi kwamba unasahau kuwa juu yako kuna vioo na juu ya vioo kuna theluji. Tarehe 30 Juni 2011 mvua ya mawe ilivunja maelfu ya vioo hivyo, ikiwemo paa la chumba hicho hicho, na ukarabati ukachukua miaka. Nikiyaona makangaga yamesitawi vile leo, nawaheshimu sana waliookota vipande vya vioo katikati ya majani, kimoja kimoja.

Kwa ndugu zangu wa Afrika Mashariki na Kongo, usitoke bila kuingia chumba kinachoeleza jinsi mmea unavyotengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Humo mna migomba na michungwa iliyo hai. Dada wa Bukavu husimama chini ya mgomba kila tukienda, anyamaze dakika tano. Nami siku hizi humwacha peke yake, nikaenda kwenye maua.

Maonyesho yenyewe huwa katika ukumbi wa maua ya msimu, tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Januari. Mwenye shughuli ni poinsetia. Waliokulia Moshi au Nairobi wanaufahamu mti huu. Unaota uani, unafika kimo cha paa, na Desemba unawaka mwekundu. Asili yake ni Mexico. Wekundu ule si maua, ni majani; maua yenyewe ni vile vidude vidogo vya manjano katikati. Hapa watunzaji wameipanga kwa mamia, rangi zinashuka kama ngazi kutoka nyekundu hadi waridi hadi nyeupe ya maziwa, na kila mwaka mpangilio huwa mpya. Uzuri wake ni kwamba unapita katikati yake, huutazami kwa mbali.

Begonia niliziona chini, ukingoni mwa njia. Maua yaliyojikunja mkunjo juu ya mkunjo mfano wa waridi dogo, machungwa na manjano, juu ya majani yenye kung'aa. Nilichuchumaa. Hazina harufu. Lakini nilishangaa mmea laini vile, wenye shina la majimaji, unachanua Desemba wakati miti yote nje imebaki fito. Jumatatu yake nikanunua moja dukani, ya rangi ya embe bivu, kwa bei isiyofika dola 10. Ilichanua dirishani kwangu hadi katikati ya Machi.

Nilichokijua baadaye kuhusu mmea ule ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Begonia hizi za baridi zina asili, kwa upande mmoja wa nasaba yao, katika kisiwa cha Sokotra. Ndiyo, Sokotra hii hii ya Yemen, iliyokaa mbele ya Pembe ya Afrika, kwenye bahari ya majahazi yaliyokuwa yakiteremka kuja pwani yetu. Mwaka 1880 Isaac Bayley Balfour, profesa wa botania wa Glasgow, alikwenda huko kukusanya mimea. Kati ya alivyorudi navyo kulikuwa na vitunguu vidogo vya begonia yenye majani ya duara kama ngao na maua ya waridi, ikaitwa Begonia socotrana. Wakulima wa maua wa Ulaya walistaajabu. Begonia walizokuwa nazo, zile za viazi kutoka milima ya Andes, huchanua kiangazi na kulala baridi. Hii ililala kiangazi ikachanua baridi.

Wakaanza kuzichanganya. Kampuni ya Veitch huko Uingereza ilianza mapema miaka ya 1880. Mwaka 1891 Victor Lemoine wa mji wa Nancy, Ufaransa, aliioanisha ya Sokotra na Begonia dregei ya Afrika Kusini, akapata ile iliyoitwa 'Gloire de Lorraine', ikawa ua la Krismasi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Miaka ya 1950 Otto Rieger wa Ujerumani akaziboresha za ukoo wa Andes na Sokotra zikawa imara na zenye kudumu, na hizo ndizo zinazojaa madukani leo.

Kwa nini ichanue baridi? Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu. Kusi likivuma, Sokotra hupigwa na upepo mkali mkavu kwa miezi, na mmea huu hukauka juu ukajificha ardhini ndani ya vitunguu vyake. Kaskazi inapoingia mwisho wa mwaka inaleta mvua, nao unaamka, unatoa majani, unachanua. Haungoji mvua tu. Unapima urefu wa usiku: usiku ukirefuka, unajua majira yake yamefika. Vizazi vingi baadaye, katika chumba cha ghorofa ya tatu Chicago, mbali na bahari yoyote ya chumvi, mjukuu wake bado anahesabu vile vile. Usiku ule mrefu ulionikondesha mimi ndio unaoiambia begonia kuwa kaskazi imeingia. Niliposoma hayo nilikuwa kwenye mapumziko ya saa nane usiku kazini, na nilitamani kumwamsha mtu nimhadithie.

Tangu hapo nimekuwa mkusanyaji. Vyungu vimefika kumi na tisa, na kwa jamii yenye spishi zaidi ya 2,000 hicho ni kionjo tu. Nina begonia za rex, ambazo babu yao alitoka Assam huko India. Hizi hupendwa kwa majani, ya fedha, zambarau na kijani kibichi, yenye umbo la moyo uliopinda upande mmoja. Nina maculata ya Brazili, majani marefu yenye madoa meupe kama aliyerusha chokaa kwa vidole. Ukitazama ua la begonia vizuri utaona mmea mmoja una maua ya kiume na ya kike mbalimbali. La kike lina kitumba chenye mbawa tatu nyuma ya petali.

Ninayoitamani sijaiona ikiuzwa popote: Begonia meyeri-johannis, ya misitu ya milima ya kwetu Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, inayopanda miti na kutoa maua meupe. Imepewa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889. Nilimtumia picha wifi yangu anayeishi Marangu. Akanipigia papo hapo: "Wifi, hilo ua si lipo njia ya msituni? Sisi tunalipita tu." Nimemwomba asilichume, anipigie picha likichanua. Ameahidi.

Sasa lile la nyota moja. Januari ya mwaka jana nilimwagizia muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, miche mitatu ya rex. Pamoja na usafirishaji nililipa dola 64, ambazo kwangu ni pesa nyingi. Aliandika kuwa atafunga na kifuko cha joto, na kweli alifunga. Ila kifuko kiligusana na mashina, upande mwingine wa boksi ukaachwa wazi, na nje ilikuwa chini ya sifuri kwa digrii 18. Nilipofungua, mche mmoja ulikuwa umeungua na miwili imegandishwa, majani yamelegea kama mchicha uliotoka jikoni. Nilituma picha siku ile ile. Jibu likaja kwamba dhamana yao haihusu baridi. Iliniuma sana, kwa sababu aliyekubali kuuza mmea laini katika mwezi ule ndiye aliyeijua hali ya hewa. Ushauri wangu: usiagize begonia kwa posta kabla ya Mei.

Jani moja tu kati ya yote lilikuwa zima. Nililikata vipande vya pembetatu, kila kimoja na mshipa wake mkubwa, nikavisimamisha kwenye mchanga uliolowa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Baada ya wiki saba vikatoa vitoto. Vinne viko hai mpaka leo, na kimoja nimempa dada wa Bukavu.

Utunzaji wake hauna siri nyingi. Adui wa kwanza ni maji mengi. Mwagilia pale tu udongo wa juu ukikauka ukiugusa, na usiuache mmea ukae kwenye kisahani chenye maji. Adui wa pili ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga wa sembe juu ya majani. Huja pasipo na mzunguko wa hewa, kwa hiyo usibananishe vyungu, na jani lililoshikwa liondoe mapema. Hita za ghorofani hukausha hewa mno, basi mimi nimeweka vyungu juu ya sinia la kokoto zenye maji, maji yakiwa chini ya usawa wa chungu. Dirisha la mashariki linazifaa.

Wengi huitupa begonia ya dukani ikiacha kuchanua, na ndiyo sababu nimeinyima nyota ya tano: huuzwa bila neno lolote la kumweleza mnunuzi kwamba inaweza kurudi. Ya kwangu ya rangi ya embe niliikata ikabaki kimo cha vidole vinne, nikaipumzisha, nikaibadilishia udongo. Kuanzia katikati ya Septemba nikawa naifunika na boksi saa kumi na mbili jioni ninapotoka kwenda kazini, na kuifunua saa mbili asubuhi nikirudi. Giza la saa 14 kila siku, kwa wiki nne, kwa sababu taa ya ukumbini kwangu ingeidanganya.

Neno kuhusu Lincoln Park Conservatory, jengo la vioo la miaka ya 1890 upande wa kaskazini wa mji: nalo huwa na maonyesho ya baridi, na liko jirani na bustani ya wanyama kwa wenye watoto. Ni dogo, utalimaliza kwa saa moja. Kama una siku moja tu, nenda Garfield, tena siku ya kazi asubuhi, wakati watunzaji wanamwagilia na wana muda wa kujibu maswali. Vaa nguo za tabaka tabaka, maana koti utalibeba mkononi humo ndani.

Leo asubuhi nimeinua boksi nikakuta matumba sita, madogo kama punje za mtama, ncha zake zimeanza kuwa na rangi ya embe. Nimempigia mama kabla ya kulala.