Port Arthur, Tasmania: nendeni, ila sio kwa basi nililopanda mimi

Jumamosi mimi na mke wangu tumeenda Port Arthur, ile jela ya zamani kwenye kisiwa cha Tasmania, Australia, walikokuwa wanatupwa wafungwa wa Uingereza, tukalipia basi la kampuni moja pale mjini Hobart, jina nalihifadhi. Waliahidi siku nzima. Siku nzima yenyewe basi limechelewa dakika hamsini, njia ni kama saa moja na nusu, katikati wakatusimamisha kwenye duka la asali ambalo hakuna aliyeliomba, kufika tunaambiwa saa nane na nusu kila mtu awe kwenye siti. Masaa mawili na ushee! Na tiketi ya kuingilia inatumika siku mbili mfululizo.

Kwa wasioijua, Waingereza walianza kuwapakia wafungwa kwenda Australia 1787, Marekani walikokuwa wanawapeleka mwanzo ilishajitawala wakakosa pa kuwapeleka, na hadi 1868 walishasafirisha kama 162,000, wengi wezi wa kawaida tu, vifungo vya miaka 7, 14 au maisha. Port Arthur (1830 mpaka 1877) ilikuwa hasa ya wale waliofika huko wakarudia makosa, yaani jela ya waliokuwa jela tayari.

Kilichonimaliza sio minyororo bana, ni jengo linaitwa Separate Prison, wameiga jela ya Pentonville ya London. Selo ya mtu mmoja masaa 23, hilo saa moja la kunyoosha miguu unavalishwa kinyago, jina huna una namba, kuongea marufuku, hata askari walivaa viatu laini ili usisikie mtu anapita. Ati ukikaa kimya sana utatubu. Baadae pembeni wakajenga hospitali ya vichaa, sitanii. Kanisani mle kila mfungwa ana kizimba chake cha mbao chenye mlango, nikaingia nikajifungia, naona mimbari tu, mke wangu yuko kizimba cha jirani namsikia anakohoa ila simwoni hata ukucha. Halafu kuna selo ya adhabu, kuta nene, unapita mlango unakuta mlango. Mtu wa Tanga mimi, umeme kukatika nimekua nao, lakini lile giza niliweka mguu mmoja nikarudi.

Boti ya kuzunguka bandari imo kwenye tiketi, msiache. Unapita Point Puer, jela ya watoto wa kiume, wengine miaka 9, pale mke wangu akaacha kupiga picha. Kisiwa cha makaburi unalipia zaidi, walikozikwa watu zaidi ya 1,000, sisi muda haukuruhusu, asanteni wauza asali.

Hadithi niliyocheka ni ya Billy Hunt, katoroka kavaa ngozi ya kangaruu akawa anarukaruka kwenda Eaglehawk Neck, kale kashingo ka nchi kalikofungwa mbwa wa ulinzi mstari mzima. Askari wenye njaa wakaona kitoweo wakainua bunduki, ikabidi kangaruu ajisalimishe kwa Kiingereza. (Na sisi Zanzibar tuna Changuu tunaiita Prison Island, haijawahi kufunga mfungwa, ni karantini na kobe tu.)

Sasa turudi kwenye basi. Ule msafara wa pili wa meli za wafungwa kwenda Sydney, 1790, wenye meli walilipwa kwa kila kichwa kilichopakiwa, sehemu kubwa kabla ya kung'oa nanga, afike hai afike maiti hela ni ile ile, na kama robo ya wafungwa walikufa. Serikali ikaja kushtuka, ikaanza kufunga sehemu ya malipo kwa wanaofika hai. Nilikuwa nayawaza hayo saa nane na nusu dereva anapiga honi, mimi nishalipa yote tangu Jumatano.

Kodisheni gari, laleni huko huko, bebeni jaketi maana upepo wa ule bahari hauna adabu. Port Arthur nyota tano. Basi nyota moja, nayo ni ya kiyoyozi tu.