Nilishuka mahandaki ya shampeni Épernay, Ufaransa, nikapanda na hasira

Nyota ngapi, hata sijui. Nikiandika sasa hivi ni moja, na hiyo moja ni ya handaki.

Ilikuwa mwaka jana, baridi ikianzaanza. Mimi na wifi yangu anayeishi Paris tulipanda treni pale Gare de l'Est, mwendo wa saa moja na ushee tukawa tumefika. Majumba ya watengenezaji wa shampeni kwenye barabara ya Avenue de Champagne mtayaona wenyewe. Chini ya miguu yenu kuna mahandaki ya zaidi ya kilomita 100, yamechimbwa kwenye mwamba wa chaki, na yamejaa chupa. Jumba tulilolipia silitaji.

Kule chini, sitasema uongo, ni pazuri. Nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, kuta zinatoa jasho, chupa zimechomekwa kwenye mbao shingo chini ili machicha ya hamira yashukie kizibo. Zinalala humo si chini ya miezi 15 kabla ya kuuzwa. Bebeni sweta. Wifi alitetemeka mpaka nikamwonea huruma.

Sasa mezani. Mhudumu akawamiminia Waholanzi wawili glasi za kueleweka. Zetu? Kidole kimoja. Kisha akaniinamia: "Madam, hii si bia, inanywewa taratibu." Mbele za watu!

Nikameza. Nikamweleza kwa upole kwamba nimekulia Dodoma, baba ana shamba la zabibu Hombolo, na kule tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akacheka. Akasema mzabibu hauzai mara mbili, labda nachanganya na tunda jingine. Mimi! Niliyekata vichala kabla sijajua kusoma, niliyemwona baba akibembeleza wanunuzi wa mchuzi wa zabibu wa kutengenezea mvinyo msimu baada ya msimu!

"Wifi, achana naye, hela yetu imeshaliwa." Nikakigugumia kile kidole kwa mkupuo mmoja, makusudi, namkazia macho.

Tatizo ni kwamba ilikuwa nzuri. Nzuri kweli: kavu, inachomachoma ulimi, halafu inakuachia harufu ya mkate uliotoka motoni. Hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Mchana tukachukua teksi hadi Hautvillers, kijiji alikozikwa yule mtawa wa shampeni, Dom Pérignon. Huko tukaingia kwa bibi mmoja mkulima, ghala lake dogo kama banda la mbuzi. Nilipotaja Dodoma akavuta kiti. Mnavuna miezi gani? Wa tatu, halafu wa nane au wa tisa. Mnapogoa lini sasa? Akatuongezea bila kuombwa, na wala hakutaka kusikia habari ya malipo ya kuonja. Huyo nampa tano, na sita zingekuwepo ningempa.

Kwa hiyo nendeni. Au msiende, anzieni kijijini. Kwa bibi nilibeba chupa nne. Na kwenye lile jumba, sikatai, nilinunua moja kabla ya kutoka. Ya baba. Aionje, kisha aniambie kama na yeye anachanganya na tunda jingine.